Ada imefutwa, nauli je?

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Wazazi wakitengana, nani alipe ada ya mtoto?" Swali limenigusa mahali, na naomba mnivumilie nikianza na ambalo hamkuliuliza. Kwetu sisi tunaosomesha shule za serikali, ugomvi si ada. Elimu bila ada hapa Tanzania ilianza Januari 2016 hadi kidato cha nne, na 2022 ikafika kidato cha sita. Tangu hapo, mwanamke aliyetengana na mwenzake akiomba hela ya mtoto, jibu analipata hata kabla hajamaliza kuongea: "Serikali imeshafuta ada, unanidai nini?"

Namdai nauli. Namdai sare, viatu ambavyo soli inaisha kabla ya Juni, kaunta buku, hela ya uji, hela ya twisheni. Na hao wanaosema wazazi wagawane gharama nusu kwa nusu sikubaliani nao. Anayeishi na mtoto ameshalipa sehemu yake: ameamka saa kumi na nusu alfajiri, amechemsha chai, amefua soksi usiku, amekesha na homa. Hayo hayatumwi kwa simu. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo imemtaja baba kwanza katika matunzo ya mtoto. Kwa hiyo baba alipe. Hivyo ndivyo nilivyotaka kuandika, nifunge barua.

Sisi tulitengana mwishoni mwa 2018. Yeye alibaki Temeke, mimi nikaenda kwa dada yangu Mbagala, barabara ya Chamazi. Mwanangu alikuwa anaingia darasa la nne. Shule yake ilikuwa Temeke, nikamwacha aendelee huko huko. Magari mawili kwenda, mawili kurudi: kutoka kwetu hadi kituo cha daladala cha Rangi Tatu, kisha Rangi Tatu hadi Temeke. Nauli ya mwanafunzi ilikuwa 200, kwa siku 800, kwa wiki 4,000. Baba yake alikubali kutuma hiyo 4,000 kila Jumapili. Jumapili nyingine inaingia, nyingine haiingii, nyingine inaingia 2,000 na ujumbe kwamba nimalizie mwenyewe. Hapo ndipo tunapigiana simu. Kwa dada kuna chumba na sebule, mtoto alilala sebuleni kwenye godoro, na simu nilikuwa naipigia hapo hapo nikiamini ameshalala.

Mwaka huo wa 2019 ulipofika kwenye mvua za vuli, akaanza kuchelewa kurudi. Giza linakaribia ndiyo anaingia, viatu vimejaa vumbi au tope. Nikimuuliza, anasema makonda wamewakataa. Nilimwamini, maana Rangi Tatu jioni naijua. Mtu mzima wakati ule alilipa 400, mtoto 200, na konda ana hesabu ya tajiri mwenye gari inayomsubiri usiku. Akiona kundi la sare anaziba mlango kwa mkono, au anasema wawili tu, wengine subirini lijalo. Na lijalo ni hivyo hivyo. (Desemba 2023 nauli ya mtu mzima ilipanda hadi 600, ya mtoto ikabaki 200. Hesabu ikazidi kuwa mbaya kwa mtoto.)

Siku moja ya Alhamisi, magharibi ikapita hajaja. Mvua inanyesha. Nikachukua mwavuli nikaifuata barabara ya kwenda Rangi Tatu. Nilikwenda sana. Nikamkuta anatembea pembezoni peke yake, viatu amevivua amevishika mkononi visilowe, mkoba ameukumbatia kifuani ameufunika na sweta. Hakulia aliponiona. Akasema tu, "Shikamoo mama." Tukaanza kurudi, na kila akipiga hatua mkoba unalia, chaka, chaka, kama njuga.

Nyumbani nikatoa madaftari niyaanike. Mkebe wake ulikuwa mzito. Nikaufungua. Hakuna bikari, hakuna rula. Kulikuwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, na chini yake sarafu za mia mbili, zile za simba. Nikazihesabu juu ya meza ya dada: 17. Shilingi 3,400.

Nikajua ameiba. Nilimpiga kofi moja kabla sijamuuliza, na kofi lile mpaka leo nalihisi kiganjani. Akasimama pale, shati limemganda mwilini, akasema: "Ni za nauli. Baba asipotuma Jumapili nitatumia hizi, ili msigombane."

Sarafu 17 ni siku 17 za shule. Alikuwa anashuka Rangi Tatu, analiacha gari la pili, anatembea zaidi ya saa nzima hadi kwetu. Ile karatasi aliiweka ili sarafu zisilie tukazisikia.

Wiki iliyofuata nilikwenda ofisi ya ustawi wa jamii nikiwa na hasira za kumpeleka baba yake popote pale. Mama aliyenipokea alinisikiliza mpaka mwisho. Akanieleza kwamba Sheria ya Mtoto ya 2009 inawabebesha wazazi wote wawili, na mahakama ikipanga matunzo inaangalia kipato cha kila mmoja na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Kisha akaniuliza swali moja: "Kwa nini hukumhamisha shule?"

Nikamwambia amezoea walimu wake. Ulikuwa uongo. Shule ya msingi ipo karibu na kwa dada, mtoto anakwenda kwa miguu. Sikumhamisha kwa sababu nilitaka baba yake atoe ile 4,000 kila wiki, aumie, akumbuke kila Jumapili kwamba ametuacha. Ningemhamisha, angepumzika. Hili naliandika leo kwa mara ya kwanza.

Januari 2020 nikamhamisha. Baba yake akaanza kununua sare na madaftari bila kukumbushwa, nami nikabeba chakula na twisheni. Hatukuandikishana popote.

Sasa mnataka jibu. Bado nasema baba alipe, na simwondoi mwanaume aliyebadilisha laini akahamia mkoa mwingine. Huyo apelekwe mahakamani bila huruma. Lakini nauli naitenga. Nauli ailipe aliyechagua umbali. Kama ni baba aliyehama akang'ang'ania mtoto abaki shule ya karibu na kwake, ni yake. Kama ni mama, ni ya mama. Mwanamke aliyefukuzwa usiku na watoto hakuchagua kitu, huyo nisimhesabie. Lakini mimi nilichagua, na kwa kanuni yangu hii ile 4,000 ya kila wiki ya 2019 ilikuwa yangu, na simu zote zile nilimgombeza mtu kwa deni langu.

Mtoto yuko sekondari sasa. Mkebe ninao kabatini. Zile 3,400 sikuwahi kuzitumia, na baba yake hajui habari zake, hakuwahi kuambiwa na mimi wala na mwanawe. Jumapili hii anakuja kumchukua mtoto. Nitamwomba aingie ndani, akae, nimwonyeshe.

Msomaji, Mbagala