Kabla hujamchinja dume wa bata mzinga, angalia mayai yako

SWALI: Daktari, habari za kazi. Niko Buhongwa, Mwanza. Nina bata mzinga, dume mmoja na majike wawili. Nilikusanya mayai 22 kwa wiki tatu nikayaweka kabatini jikoni, kisha nikayatia pamoja na mayai ya kuku kwenye mashine ya balbu niliyotengenezewa na fundi. Vifaranga wa kuku walitoka siku ya 21 bila shida. Wa bata mzinga walitoka 3 tu. Nilipovunja yaliyobaki, 9 yalikuwa na kifaranga kamili aliyekufa na 10 hayakuwa na kitu. Nawalisha pumba, mashudu ya pamba na dagaa. Muuza dawa kaniambia dume amechoka, kaniuzia unga wa kuwawekea kwenye maji na kuchovyea mayai. Nimchinje dume ninunue mwingine?

JIBU: Dada yangu, weka kisu chini kwanza. Hesabu uliyoileta mwenyewe inamtetea huyo dume: watatu walitoka, tisa walikamilika wakafia ndani. Mayai 12 kati ya 22 yalikuwa na mbegu, tena hao ni wale tu unaoweza kuwaona kwa macho. Kifaranga aliyeota manyoya na mdomo akafa siku mbili tatu kabla ya kutoka, mara nyingi sana kosa liko kwenye mashine au kwenye chakula cha mama yake. Baba yake alishamaliza kazi mwezi mzima nyuma.

Hii habari ya "dume kachoka" imenichosha mimi kuliko dume. Kila yai lisipototoa, wa kwanza kushtakiwa ni yeye. Jike wa bata mzinga akishapandwa, huhifadhi mbegu mwilini mwake na kuendelea kutaga mayai yenye uhai kwa wiki kadhaa hata ukimwondoa dume bandani. Kwa hiyo ukimchinja huyu leo ukaleta mwingine kesho, vifaranga utakaowasifia mwezi ujao wanaweza kuwa watoto wa yule uliyemla kwa wali. Na dume mmoja mwenye afya anamudu majike watano na zaidi, wawili hawamchoshi.

Ukitaka ushahidi, utaupata kwenye kikaango. Chukua yai la leo au la jana, livunje kwenye sahani nyeupe, geuza kiini taratibu utafute kidoa cheupe juu yake. Kikiwa kidogo, kimejaa weupe na kingo zake hazina mpangilio, yai halina mbegu. Kikiwa kipana kidogo, chenye duara linaloonekana wazi kama pete, lina mbegu. Fanya hivyo kwa mayai matatu manne ya kila jike, kisha yakaange mle. Hakuna dawa ya dukani itakayokupa jibu hilo.

Sasa yale 10 matupu. Wiki tatu kwenye kabati la jikoni! Yai la kutotolesha linataka nyuzi 13 hadi 18. Likipita nyuzi 21 hivi, kiini uhai, yaani kile kidoa cheupe kinachokuja kuwa kifaranga, kinaanza kuamka, na jikoni Mwanza mchana, jiko la mkaa likiwaka pembeni, kinakosa joto la kutosha kukua na ubaridi wa kutosha kulala. Kinakufa kikiwa kidogo kiasi kwamba ukilivunja yai siku ya 28 unaapa halikuwahi kuwa na kitu. Friji nayo usiifikirie, ni baridi mno. Okota mayai mara kadhaa kwa siku, yaweke chumba cha ndani kisichopigwa jua, chini sakafuni, ncha nyembamba ikitazama chini, na usivushe siku 7. Ukipata mayai saba au manane kwa wiki, hayo ndiyo ya kutotolesha. Yaliyozeeka kuliko hapo ni ya kula.

Wale 9 waliokamilika wananisumbua zaidi, kwa sababu hao ni hasara ya mlangoni. Hukuniambia kama ulipima unyevu, na ukimya huo naujua. Watu wa huku huniambia, "Daktari, tuko kando ya ziwa, hewa ina maji tayari." Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 65, ukiiingiza kwenye mashine ukaipasha hadi nyuzi 37.5, unyevu wake unashuka mpaka karibu asilimia 32. Ziwa lote hilo halikusaidii kitu ndani ya boksi. Bata mzinga anahitaji asilimia 55 hadi 60 mpaka siku ya 25, halafu 65 hadi 75 siku tatu za mwisho. Ukiwa chini ya hapo, utando wa ndani unakauka kama karatasi na kumgandisha kifaranga asiweze kujizungusha. Kumbuka uliowavunjia: kama walikuwa wamegandia kwenye utando, jibu ni hilo. Kama walikuwa wamelowa, wamevimba na kitovu hakijafunga, basi maji yalizidi.

Mashine ya balbu ninaiogopa pia kwa kipimajoto chake. Chukua kipimajoto cha homa, vitie vyote viwili kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, uone kama vinasema kitu kimoja. Nimeona vinavyotofautiana nyuzi mbili, na nyuzi mbili ni vifo. Tena mashine isiyo na feni hupimwa usawa wa juu ya mayai, na hapo unataka kama nyuzi 38.3.

Halafu kuwaweka na kuku siku moja. Kuku ni siku 21, bata mzinga 28. Ulipokuwa ukifungua mfuniko kutoa vifaranga wa kuku, joto na unyevu vilikuwa vinatoka, na wenzao walikuwa bado na wiki nzima. Ukilazimika kuchanganya, tanguliza ya bata mzinga, ya kuku uyaingize siku 7 baadaye, yatoke pamoja. Acha kugeuza siku ya 25 na mfuniko usiuguse tena. Kwa majike wawili, hata hivyo, mimi nisingewasha balbu kabisa. Jike akitaka kulalia, mwachie mayai yake 12 au 15. Anajua unyevu kuliko fundi.

Mashudu ya pamba yanapatikana kirahisi kanda yetu, najua, lakini yana sumu iitwayo gosipoli. Ng'ombe mkubwa anaivumilia, ndege anayetaga inampunguzia utotoaji, na mayai yakihifadhiwa kiini huweza kugeuka rangi ya kijani kibichi chenye ukahawia. Toa hayo, weka mashudu ya alizeti au soya. Pumba peke yake haina vitamini za kumfikisha kifaranga siku ya 28, kwa hiyo ongeza mchicha, matembele na vitamini za kuku wazazi. Dagaa wapepete, maana waliokaushwa mchangani unanunua na mchanga wake.

Tuje kwenye unga. Kama ni ule wa njano wenye picha ya kuku kwenye pakiti, uwezekano mkubwa ni oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria. Haiongezi mbegu, haimpi dume nguvu. Kuchovya ndiyo vibaya zaidi: yai lenye joto ukilitia kwenye maji ya baridi linanyonya maji kupitia vitundu vya ganda, na uchafu wa ndoo unaingia nayo. Hapo umejitengenezea mayai viza kwa pesa yako.

Na pakiti hiyohiyo utauziwa tena vifaranga wakianza kuhara kinyesi cha njano kama salfa. Mara nyingi huo ni histomonasi, vijidudu ambavyo si bakteria, vinavyokula ini mpaka linatoka mabaka ya mviringo. Kuku huvibeba bila kuugua, vinasafiri ndani ya mayai ya minyoo midogo ya tumboni mwao, na mayai hayo hukaa ardhini miaka. Dawa zilizokuwa zikiviua zimepigwa marufuku kwa wanyama wa kuliwa Ulaya na Marekani, na unga wa njano haukuwahi kuviua. Kinga ni kutenganisha: usiwalee vifaranga wa bata mzinga na kuku, usiwaachie uwanja waliokanyaga kuku, na kuku wako wape dawa ya minyoo. Wengi wanaoniletea mizoga huanza na unga wiki mbili, wakimaliza kundi ndipo wanauliza. Mzoga wa leo, uliofungwa vizuri na kuwekwa kwenye barafu bila kugandishwa, upeleke maabara ya TVLA, Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, hapa Mwanza wakaufungue.

Kama majike wameshakunywa huo unga, soma kwenye pakiti siku za kusubiri kabla ya kula mayai. Isipokuwa na maandishi hayo, mpelekee pakiti afisa mifugo wa kata yako aiangalie, na watoto wasile mayai hayo kwanza.