Ukimaliza ualimu, usiuache ubao ukisubiri ajira

Walimu wanafunzi wanaokuja skulini kwetu kwa mazoezi ya kufundisha, wakishanizoea kidogo, huniuliza: "Mwalimu, na sisi tukimaliza tutapata kazi?" Jibu langu huwa refu. Leo naliandika hapa ili nyinyi mnaosomea ualimu hapa Zanzibar, wa Nkrumah, wa Tunguu na wa Mchangamdogo, mlipate kwa pamoja.

Mimi nimesomea Kiswahili na Historia. Wenzetu wa Fizikia na Hesabati njia yao aghalabu huwa fupi, maana skuli zinawasaka. Sisi wa sanaa tuko wengi, na subira yetu lazima iwe ndefu zaidi. Siyataji hayo kukuvunja moyo, mdogo wangu. Nataka tu ujue kwamba muda ule kati ya mahafali na barua ya ajira ndio unaomjenga mwalimu au kumpoteza. Nimewaona wenzangu hodari, wenye matokeo mazuri kuliko yangu, wamekaa nyumbani wakingojea majina yatoke. Siku ya usaili wanaambiwa wafundishe dakika chache tu, sauti haitoki na hawajui waanzie wapi. Darasa ukiliacha, nalo linakuacha upesi.

Kwa hiyo tafuta kazi tangu ukiwa field, yaani kwenye hayo mazoezi ya kufundisha. Wengi huihesabu field kuwa ni mtihani wa msimamizi anayetoka chuoni: siku anayokuja, andalio la somo limepigwa mstari na zana zimebandikwa ukutani, na siku nyengine mtu anaingia na kitabu kitupu. Lakini msimamizi anaondoka. Wanaobaki ni mwalimu mkuu, msaidizi wake na mwalimu wa somo lako, na hao ndio wanaoulizwa na skuli binafsi, "Hamna kijana mzuri wa Historia huko?" Wanakutazama unavyoingia darasani kengele ikilia, unavyosahihisha madaftari, na unavyomfuata mtoto aliyepotea msimu wa karafuu badala ya kumuandikia tu hayupo.

Nikupe mfano wa somo langu. Historia kidato cha kwanza inafundishwa kwa Kiingereza, na watoto wengi wa vijijini wanakuja na Kiingereza kidogo mno. Mada ilikuwa miji ya kale ya mwambao. Kitabu kilikuwa kimejaa Kilwa, na wao Kilwa hawajaiona. Nikaanza na Pujini, hapahapa Pemba. Nikawauliza nani amefika kwenye magofu yale, nani amesikia habari za Mkama Ndume, mtawala wake wa zamani. Darasa zima likataka kusema! Yule aliyesimuliwa na bibi yake akatoa hiki, mwengine akampinga. Nikawaachia wazungumze kwa Kiswahili, kisha nikaandika ubaoni maneno ya Kiingereza ya mambo waliyokwisha kuyaelewa: ukuta, mfalme, biashara, bandari. Kutoka hapo tukaenda Ras Mkumbuu, magofu mengine ya Pemba, na ndipo tukafika Kilwa. Mwalimu wa somo alikuwa amekaa nyuma, na yeye ndiye aliyenitaja pale skuli moja ilipohitaji mtu. Baadaye, kwenye usaili wa serikali, nilipopewa chaki nilifundisha somo lilelile. Sikuhitaji picha wala mashine. Kila mmoja wenu anapaswa kuwa na somo moja la namna hiyo, alilolifundisha mpaka likakaa mwilini.

Field ikimalizika, rudi kwa mwalimu mkuu yule, msalimie kwa adabu, umuombe uendelee kusaidia vipindi. Kujitolea nakusifu, lakini kuwe na mpaka. Zungumzeni mapema kuhusu nauli, idadi ya vipindi na mpaka lini, na ukimaliza omba barua inayosema umefundisha nini na darasa gani. Skuli inayokupa vipindi vya walimu wawili na hata nauli haikufikirii, iage kwa uzuri. Kuna twisheni za jioni mtaani, kuna skuli za maandalizi za watoto wadogo, na kuna chuoni, yaani madrasa. Hili la chuoni tunalidharau bure. Wengi wetu tumeanza kusomesha Kurani kabla hatujamaliza skuli: tumewaweka watoto wa rika tofauti kwenye mkeka mmoja, kila mmoja na mahali pake alipofika, na wote wakasonga. Huo ni ualimu. Uandike kwenye wasifu wako bila ya haya.

Sasa karatasi. Maombi ya kazi za serikali yanapita mtandaoni, kwenye mfumo wa ZanAjira, na tangazo likitoka siku hazingoji. Vitazame vyeti vyako sasa hivi, ukiwa bado mwanafunzi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis, cha kidato cha nne kinasema Hamisi, kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi kina jina la babu ambalo chengine hakina: hayo yanarekebishika, lakini yanataka muda, na dirisha la maombi likishafunguliwa muda huo huna. Soma tangazo mpaka mwisho uone kama nafasi ni ya Unguja au ya Pemba, na sifa zinazotakiwa ni stashahada au shahada. Usitume tu kwa kuwa umeona neno mwalimu.

Na ukipangiwa mbali, nenda. Nalisema hili nikijua uzito wake, hasa kwa akinamama wenye watoto wachanga na kwa anayeacha wazazi wagonjwa. Hao wana haki ya kueleza hali zao na kusikilizwa. Lakini kijana mzima anayekataa Kojani au Kisiwa Panza kwa sababu ya kuvuka maji simuelewi. Watoto wa huko nao wanafanya mitihani ileile ya watoto wa Mjini, na mwalimu akikimbia ni wao wanaobaki bila somo.

Barua ikija, nenda ukaripoti mapema kabla ya tarehe iliyoandikwa. Muulize mwalimu mkuu habari za chombo cha kuvukia: cha asubuhi kinaondoka saa ngapi, na bahari ikichafuka walimu wanalala wapi. Weka akiba ya chakula na nauli, kwani mshahara wa kwanza unaweza kuchelewa. Mwalimu unayempokea vipindi, kama bado yupo, muombe azimio lake la kazi na akuoneshe watoto ambao hawajaweza kusoma. Hao uanze nao.