Kabla ya Paneli, Fungueni Faili la Bili

Mhariri, wiki hii mmeuliza: halmashauri ikipata fedha za kuhamia kwenye nishati jadidifu na kupunguza gesi joto, ianze na nini? Nahisi wengi watajibu paneli za sola juu ya paa la makao makuu. Zinaonekana, zinapigwa picha, na mgeni rasmi anapata utepe wa kukata. Mimi ni mhasibu, na jibu langu halina sherehe: ianze na faili la bili za umeme na stakabadhi za mafuta.

Tatizo ni kwamba mara nyingi hakuna mtu mmoja anayezisoma zote. Bili ya zahanati inakwenda idara ya afya, ya pampu inakwenda idara ya maji, ya taa za barabarani inakwenda ujenzi, na dizeli ya magari na majenereta ina vocha zake. Kila moja inalipwa, inagongwa muhuri, inawekwa kabatini. Zikusanywe za miaka mitatu, zipangwe mita kwa mita kwenye jedwali moja, na mambo yataanza kujianika yenyewe. Utakuta mita ya jengo lililohamwa zamani bado inalipiwa. Utakuta pampu inasukuma maji yaleyale lakini uniti zinapanda kila mwaka, maana yake bomba linavuja au pampu imechoka. Hapo hujanunua hata waya.

Pampu zenyewe zinastahili kutazamwa kwa karibu. Nchini Marekani, wakala wa serikali wa mazingira unakadiria kuwa maji safi na majitaka mara nyingi hula asilimia 30 hadi 40 ya nishati yote inayotumiwa na serikali za miji. Na bado utaingia kwenye chumba cha pampu ukute mota inakimbia kwa nguvu zote huku vali imebanwa ili maji yasizidi, sawa na dereva anayekanyaga mafuta na breki kwa pamoja. Kikifungwa kifaa cha kurekebisha mwendo wa mota, mwendo ukapungua kwa asilimia 20, umeme unaohitajika unaweza kushuka karibu nusu, kwa sababu nguvu inayohitajika hufuata mchemraba wa mwendo, yaani mwendo ukiwa 0.8 ya awali, nguvu ni 0.8 × 0.8 × 0.8, karibu 0.51. Sharti ni kwamba kazi kubwa ya pampu iwe kushinda msuguano wa mabomba. Kama inapandisha maji kilimani, faida ni ndogo zaidi. Ndiyo maana nataka mhandisi akae na mhasibu kabla zabuni haijatangazwa. Ukishapunguza matumizi, hata paneli utakazohitaji baadaye ni chache.

Taa za barabarani sina haja ya kuzieleza sana. Kubadilisha za zamani na kuweka za LED ni kazi inayojulikana, na bili inashuka kuanzia mwezi wa kwanza.

Sasa, hiyo fedha iliyookolewa inakwenda wapi? Hapa ndipo mipango mingi mizuri inapokufa. Mkuu wa idara akipunguza bili, bajeti ya mwakani inakatwa kwa kiasi kilekile alichookoa. Amejiumiza kwa kufanya vizuri, na mwaka unaofuata hatajisumbua. Mji wa Stuttgart, Ujerumani, ulilitafutia hili dawa mwaka 1995: ulianzisha mfuko wa ndani unaozikopesha idara fedha za kufunga vifaa vya kubana nishati, bila riba, na idara inarejesha kutokana na akiba ya bili hadi deni liishe. Fedha zikirudi zinakopeshwa tena. Ningekuwa diwani, ningeanza kuupigania mfuko wa namna hiyo kabla ya kutaja sola hata mara moja.

Kuna jambo jingine ambalo bili haiwezi kukuonyesha, nalo ni dampo. Mabaki ya vyakula na majani yakifukiwa bila hewa hutoa methani, na kwa kipindi cha miaka 20 tani moja ya methani hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko tani ya kaboni dioksidi. Halmashauri yenye paa lililojaa paneli na dampo linalofuka gesi imesafisha sebule tu. Kutenganisha taka zinazooza na kuzifanya mboji au biogesi hakuhitaji teknolojia ngeni. Kunahitaji gari linalofika siku ileile kila wiki, la sivyo watu watachoka kutenganisha, na kwa haki kabisa.

Nitahadharishe pia kuhusu malengo makubwa. Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, ilijiwekea lengo la kuwa mji usioongeza kaboni ifikapo 2025. Mwaka 2022 ikakiri kuwa haitafika, baada ya mradi wa kunasa kaboni dioksidi isitoke hewani kwenye mtambo wa kuchoma taka kukosa fedha. Mji ulikuwa umeshapunguza sana, na siubezi. Lakini mwaka wa lengo ulikuwa umetundikwa kwenye mradi mmoja ambao fedha zake hazikuwa mkononi, na hilo lingeonekana mapema kama watu wa hesabu wangeulizwa kwa sauti.

Paneli? Zije, tena zianzie shule, zahanati na ofisi, kwa kuwa huko umeme unatumika mchana jua likiwaka. Ila kasma ya matengenezo ipitishwe siku ileile ya ununuzi. Paneli hudumu miaka 25 na zaidi, lakini inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kutumika na vifaa vya kawaida, kwa kawaida hubadilishwa baada ya miaka 10 hadi 15, wakati aliyekata utepe ameshastaafu. Mkataba usiosema nani atalipia inveta ya pili, madiwani waurudishe kwa aliyeuandika.