Chrono Trigger: ununue ya simu au ya kompyuta?

Ndugu yangu, umeuliza ununue Chrono Trigger ya simu au ya kompyuta, na kama mchezo wa mwaka 1995 bado unamfaa mtu asiyewahi kucheza michezo ya Kijapani ya kuigiza wahusika (RPG) kama huu. Unafaa mno, nami ningekushauri uchukue ya kompyuta. Toleo hilo lilipotoka kwenye Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, mwaka 2018 lililalamikiwa kwa haki, kwa kuwa picha zilikuwa zimelainishwa vibaya na maandishi hayakupendeza, lakini kampuni ya Square Enix, inayouza mchezo huo, ilitoa masahihisho mwaka huohuo, na sasa unaweza kuchagua picha za asili katika mipangilio. Fanya hivyo kabla ya kuanza. La simu lina hadithi ileile, ila vidole huziba sehemu ya kioo, na kwangu hilo linachosha.

Kwa kuwa wewe ni mgeni, weka mapigano katika hali ya kusubiri, ili adui asikushambulie wakati ungali unasoma orodha ya mbinu.

Usiharakishe kwenye sherehe ya mwanzo. Utagongana na msichana, naye ataangusha kidani chake: mjulie hali kwanza, ndipo ukiokote. Vilevile kuna chakula cha mzee mmoja mezani, ambacho mchezo utakuruhusu kukila bila kukukemea. Mbele ya safari, mambo hayo madogo yataletwa mahakamani kama ushahidi. Niliyaona nikastaajabu, na sitaki kukuharibia mengine.