Jibu: Vitz yangu, esansi ya 91 ao 95?

Ndugu, umeuliza kama Vitz yako 1.0 (gari ya Toyota, motere ya litre moja) yenye ilitoka Japani inaomba esansi ya 95, kwa sababu rafiki amekuambia itaongeza nguvu, na umesema motere inalia kokoko ukipanda mulima. Hapana, usitupe franga zako. Kule Japani esansi ya kawaida iko karibu 90, na gari yako njo hiyo walitengenezea, kwa hiyo 91 inatosha kabisa. Hiyo namba ya 91 ao 95 njo oktane, na oktane haiko nguvu, ni vile esansi inavumilia kukazwa ndani ya silinda bila kuwaka yenyewe mbele ya buji kutoa moto.

Tena angalia, kama umesoma kwenye intaneti ya Marekani wameandika 87 usiogope, kule wanahesabu ingine namna, ile 87 yao ni kama 91 yetu.

Hapa Goma tuko karibu metre 1500 juu, hewa iko nyepesi, kwa hiyo motere isiyo na turbo (mashine ya kusukuma hewa ndani ya motere) haigongi sana kama kule chini; kugonga njo ile esansi kuwaka yenyewe mbele ya wakati. Kama ni turbo, hapo fungua kifuniko ya tangi usome etiketi, fuata yenye imeandikwa.

Sasa ile sauti ya kokoko ukipanda mulima, njo kugonga, mimi ningeanza na esansi ya bidoni ya barabarani. Wengine wanachanganya na petroli ya taa na hiyo inashusha oktane sana. Tia kidogo kwa kiganja, ikibakia mafuta-mafuta haikauki, hiyo imechanganywa. Tia esansi ya pompe ya station mara mbili tatu, kama bado inagonga peleka kwa fundi aangalie kalamini (masizi yenye kushikamana ndani ya motere) na buji.