Vitabu vya Kifaransa vya bibi na wajukuu: achana na bibi wa keki

Mkuu, umesema wanao wako Bujumbura, mdogo ana miaka 5 na mkubwa 9, shuleni wanasoma kwa Kifaransa, na likizo hii wanakwenda kukaa kwa bibi yao. Unataka vitabu vya Kifaransa vya bibi na wajukuu wavibebe. Waliotangulia kukujibu wamekutajia vile ambavyo bibi anaoka keki, anafuma sweta, anambusu mjukuu, basi. Mniwie radhi, mimi ningeviruka vyote. Nilikuwa yaya kwenye nyumba moja Lyon, Ufaransa, Jumatano nawapeleka watoto maktaba ya mtaa, na hao bibi wa keki walikuwa wanawachosha kabla hata keki haijaiva. Walichokuwa wanadai wasomewe tena na tena ni bibi mwenye lake kichwani.

Kwa mdogo tafuta Mademoiselle Sauve-qui-peut cha Philippe Corentin, kimetolewa na L'École des loisirs mwaka 1996. Ila kwanza awe anaijua Le Petit Chaperon rouge, ile ya mtoto wa kofia nyekundu, maana utani wote umejengwa juu yake. Na umsimulie ya Perrault mwenyewe, Mfaransa aliyeichapisha 1697: mbwa mwitu anamla bibi, anamla mjukuu, hadithi imeisha. Yule mwindaji anayewaokoa wakatoka tumboni wazima ni wa ndugu Grimm, Wajerumani, zaidi ya miaka 100 baadaye. Sasa kwa Corentin, mtoto mwenyewe ndiye mtundu aliyeshindikana. Mama kachoka, kamkabidhi galette, yaani keki bapa, na kijungu cha siagi apeleke kwa bibi. Anafika, anamkuta mbwa mwitu kitandani, na anayepata tabu siku hiyo ni mbwa mwitu. Bibi akitokea, anamgombeza mjukuu: amwache huyo mbwa mwitu, ni mgonjwa wa watu, yeye bibi kamwokota kwenye theluji anakufa kwa njaa na baridi. Yule wa kiume niliyekuwa nalea tukifika hapo alikuwa ananinyang'anya kitabu ili agombeze yeye, kwa sauti ya bibi yake mzaa baba, kidole juu.

Mkubwa mpe Verte ya Marie Desplechin. Verte ana miaka 11, kwao wanawake ni wachawi toka enzi na enzi, yeye hataki hata kusikia. Mama yake, Ursule, kachanganyikiwa, anampeleka kwa bibi, Anastabotte, awe anakwenda kila wiki kufundwa. Hiyo ya kila wiki si ya kubuni tu. Ufaransa watoto wa shule ya msingi kwa miaka mingi wamekuwa na siku ya mapumziko katikati ya wiki, zamani Alhamisi, tangu 1972 Jumatano, na mzazi akiwa kazini anayebebeshwa mtoto mara nyingi ni bibi. Utamu wa Verte ni kwamba wanasimulia kwa zamu, mama, bibi, mtoto, na Soufi rafiki yake, kwa hiyo unaona bibi na mjukuu wanavyomzunguka mama aliye katikati. Uchawi wenyewe ni wa kuchekesha, si huu wetu wa kurogana, lakini kama bibi yao ni mtu wa kanisa sana, mpe taarifa mapema.

Ukitaka vya zamani, wapo mabibi wawili wa kweli walioandikia wajukuu zao. George Sand, mwandishi mwanamke wa Kifaransa licha ya hilo jina la kiume, alilelewa na bibi yake kijijini Nohant, na uzeeni akiwa hapohapo akawatungia wajukuu wake, Aurore na Gabrielle, Contes d'une grand-mère, sehemu ya kwanza 1873, ya pili 1876. Kusema kweli nyingine ni ndefu mno na Kifaransa chake kizito. Chukua hadithi moja tu ya humo, Ce que disent les fleurs, yaani wanachosema maua. Mtoto anasikia maua yakibishana bustanini, anamweleza mwalimu wake, mwalimu anasema huyu anaumwa, apewe dawa ya kuharisha. Bibi ndiye anayemwokoa: anamwambia mwalimu kwamba anamhurumia kama hajawahi kusikia waridi wanasema nini. Hiyo sehemu moja inatosha kwa bibi yeyote duniani.

Wa pili ni Comtesse de Ségur, Mrusi aliyeolewa Ufaransa, aliyeanza kutoa hadithi za watoto akikaribia miaka 60. Les Malheurs de Sophie amemwandikia mjukuu wake Élisabeth, aliyezoea kumwambia bibi we mwema sana. Kwenye tabaruku bibi anajibu kwamba hakuwa mwema siku zote, kisha anaahidi visa vya kweli vya msichana ambaye "bibi alimjua sana" utotoni: mwenye hasira, mlafi, mwongo, hata mwizi. Jina la kwanza la mwandishi ni Sophie, unaona mwenyewe anamsema nani. Sophie anamwacha mwanasesere wa nta juani mpaka macho yanatumbukia ndani, anawakata vipande samaki wadogo wa mama yake na kuwatia chumvi. Tahadhari moja: viboko vimo, na vinasimuliwa kama jambo la kawaida kabisa. Mimi kurasa hizo nilikuwa nazisoma kisha tunabishana kidogo.

Hivi viwili vya zamani hununui, vipo bure Gallica, tovuti ya maktaba ya taifa ya Ufaransa, unapakua na kuchapa. Corentin na Desplechin mwagize mtu anayekuja kutoka Brussels au Paris. Cha Corentin aombe toleo dogo la Lutin poche, ni jembamba na bei yake si ya kutisha. Ukichapa Sophie, anza na sura ya mwanasesere, ndiyo ya kwanza kitabuni, halafu mwombe bibi yao naye ataje alichoharibu akiwa na umri wao.