Shangazi, nimeacha sigara mara tatu na nimerudi mara tatu

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi seremala, mkazi wa Isevya hapa Tabora mjini, nina umri wa miaka 50, mke mmoja na watoto wanne. Nilianza kuvuta nikiwa na miaka 16 kule Urambo, wakati marehemu baba alipokuwa akituachia, mimi na kaka yangu, kazi ya kuchochea moto wa bani, lile banda la kukaushia tumbaku, usiku kucha, nasi tukawa tunasokota majani makavu kwa karatasi ya gazeti ili usingizi usitushinde. Leo ninamaliza sigara 15 kwa siku. Nimeacha mara tatu, na kila mara niliamka tu asubuhi nikaamua, bila kumwambia mtu. Mara ya kwanza nilikaa siku 3. Mara ya pili siku 11, nikirukaruka kwa hasira na usiku silali. Mara ya tatu nilifika siku 39, nikarudi usiku wa msiba wa rafiki yangu, nilipopewa moja pale nje kwenye moto nikaipokea bila hata kufikiri. Mke wangu nilikuwa nimeshampa habari njema kwamba nimeacha, na hadi leo ninavutia nyuma ya karakana, kisha ninatafuna majani ya mpera kabla ya kurudi nyumbani. Ramadhani ninafunga vizuri, lakini jua likizama ninawasha kabla sijamaliza tende. Mwezi mzima sasa ninakohoa asubuhi. Ninajiona mtu dhaifu. Je, nimechelewa? Niache ghafla au nipunguze kidogo kidogo? Na mtu aliyesomeshwa kwa fedha ya tumbaku ana haki gani ya kuikataa? – Fundi wa Isevya*

Marahaba, mdogo wangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilisimama kwenye jambo moja ambalo wewe umelipita haraka, nalo ni Ramadhani. Umejiita mtu dhaifu, lakini mtu huyohuyo kila mwaka anakaa tangu alfajiri hadi magharibi, zaidi ya saa 13, bila kugusa sigara, na anafanya hivyo siku 29 au 30 mfululizo, katikati ya randa, msumeno na wateja wanaodai kazi zao. Hilo haliwezwi na mtu dhaifu. Ninaomba tuanzie hapo, kwa sababu ukiendelea kuamini kwamba umepungukiwa nguvu utaendelea kutafuta nguvu, wakati kilichokupungukia ni maandalizi.

Fikiria jinsi Ramadhani inavyokwenda. Nia unaiweka mapema, nyumba nzima inajua, daku na futari vimepangwa, kijiwe cha kahawa mchana hakikuoni, na hakuna rafiki atakayekunyooshea pakti kwa sababu ama naye amefunga, ama anakuheshimu wewe uliyefunga. Mara zile tatu ulizoacha hazikuwa na lolote kati ya hayo. Uliamka, ukaamua moyoni, ukatoka peke yako kwenda kupambana na mazoea ya miaka 34.

Ile sigara inayotangulia tende nayo ina sababu yake, wala usiihesabu kuwa upungufu wa imani. Nikotini, yaani kile kilevi cha tumbaku, ikishaingia kwenye damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 2 hivi, kwa hiyo adhana ya magharibi inapolia mwili wako huwa umebaki karibu mtupu, na unajua kwamba moshi ukishavutwa huifikisha nikotini kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, kama 10 hivi. Tende haina kasi hiyo. Kasi hiyo ndiyo inayomfunga mvutaji, na imewafunga wasomi, viongozi wa dini na madaktari wenyewe.

Sasa tuzitazame safari zako tatu, maana kila moja ilikatikia mahali pake. Ile ya siku 3 ilikatika pale ambapo arosto, yaani mateso ya mwili ulionyimwa ulichozoea, huwa kali kuliko siku nyingine zote, yaani siku ya pili na ya tatu. Ungevuka hapo ungeona inaanza kulegea, na kwa watu wengi sehemu kubwa ya mateso huisha kati ya juma la pili na la nne. Kingine ambacho pengine hukuambiwa ni kwamba hamu ya sigara haiji ikakaa siku nzima. Huja kwa mawimbi, na kila wimbi hupita ndani ya dakika chache, uvute usivute. Mtu anayelijua hilo hutafuta kazi ya kufanya kwa dakika 10 tu, kama kupiga msasa mguu wa kiti, kunywa maji taratibu au kutoka kwenda hadi dukani kwa jirani na kurudi.

Kuhusu zile siku 11 za hasira na kukesha, nina swali: wakati ule ulikuwa ukinywa vikombe vingapi vya kahawa? Nauliza kwa sababu ninavijua vijiwe vya mji wetu, pale bao linapochezwa na birika la kahawa chungu halipoi. Moshi wa sigara huufanya mwili uiondoe kafeini haraka, na mvutaji anapoacha, kafeini hukaa mwilini muda mrefu zaidi, hata kahawa ileile aliyoizoea ikawa kama ameinywa maradufu. Mikono hutetemeka, moyo hukimbia, usingizi hutoroka, naye husema, "Sigara inanidai." Safari hii punguza kahawa kwa nusu tangu siku ya kwanza, na baada ya alasiri usiinywe kabisa. Kijiwe chenyewe kipumzishe kwa majuma matatu, kwa sababu kikombe, bao na sigara vimeshazoeana mkononi mwako kiasi kwamba kimoja kikishikwa kingine huitwa.

Safari ya tatu ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa kuwa ulikuwa umefika. Baada ya siku 39 hapakuwa na nikotini yoyote iliyosalia mwilini mwako ya kukudai. Kilichokurudisha ni usiku ule wenyewe: moto, majonzi, wanaume wameketi kimya, na mkono wa mtu unaokufahamu ukikunyooshea sigara kama ishara ya kukufariji. Isitoshe, wewe ulijifunza kuvuta ukiwa kando ya moto, usiku, pamoja na kaka yako. Sidhani kama ni ajabu kwamba moto wa msibani uliuamsha moto wa bani. Misiba haitakwisha, na hatuwezi kukushauri usiende kuzika. Kwa hiyo andaa jibu mapema, ulitamke hata ukiwa peke yako karakanani hadi ulimi ulizoee: "Nimeacha, ndugu yangu, nisaidie nisirudi." Mtu aliyekuja kukufariji hatakulazimisha ukimwambia hivyo. Na mikono iwe na kazi. Saidia kuchochea moto, kugawa chai, kupanga viti. Ikitokea ukateleza ukavuta moja, iishie hapohapo, usiku uleule. Usikubali ile sauti inayosema kwamba kwa kuwa umeshavuta moja, basi pakti nzima imehalalishwa.

Kuhusu kikohozi nitakuwa mkali kidogo, uniwie radhi. Mtu anayekohoa kwa majuma mawili au zaidi anapaswa kupimwa kifua kikuu, na wewe umetimiza mwezi. Wavutaji wengi huchelewa kwa sababu wameshakipa kikohozi chao jina, "kikohozi cha sigara", wakakizoea, ilhali uvutaji wenyewe humweka mtu katika hatari kubwa zaidi ya kuupata ugonjwa huo. Vumbi la mbao nalo halikusaidii. Kipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali, kwa hiyo nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete juma hili, usingoje hadi uache sigara kwanza. Ukiwa huko, mwambie daktari ukweli kuhusu miaka 34 na sigara 15, na umwulize kuhusu vibandiko au bazoka za nikotini, ambazo humpa mwili nikotini polepole bila moshi huku mtu akijizoesha. Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu tangu mwaka 2009. Zikikosekana au bei ikikushinda, usiahirishe. Wengi walioacha sigara duniani waliacha bila dawa yoyote. Pia usishtuke ikiwa kikohozi kitaongezeka kidogo majuma ya kwanza baada ya kuacha, kwa maana mapafu huanza kujisafisha upya.

Umeuliza kama umechelewa. Hapana. Uingereza walifuatilia madaktari wanaume kuanzia mwaka 1951 kwa nusu karne, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004, akiwemo Richard Doll miongoni mwa watafiti, yalionyesha kwamba aliyeacha akiwa na miaka 50 alijipatia, kwa wastani, takriban miaka 6 ya kuishi kuliko yule aliyeendelea kuvuta. Umri huo ndio wako leo. Ndani ya saa 12 tangu sigara ya mwisho ile hewa ya sumu ya ukaa iliyo kwenye damu hupungua hadi kiwango cha kawaida. Baada ya mwaka mmoja hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo hushuka kwa karibu nusu. Na baada ya miaka 10 hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu huwa karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Siwezi kukuahidi kwamba miaka 34 haikuacha alama yoyote, lakini mwili wako bado unakusubiri.

Mimi ninakushauri uache kwa mkupuo, katika siku uliyoipanga. Katika utafiti mwingine wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2016 na kuhusisha watu karibu 700, waliosaidiwa kuacha siku moja kabisa walikuwa wamefanikiwa kwa asilimia 49 baada ya majuma manne, na waliopunguza kwanza kwa asilimia 39. Kupunguza humwacha mtu akiihesabu sigara kutwa nzima, na ile moja iliyosalia hupata thamani kuliko zote 15.

Hilo swali la mwisho, la haki, nimelifikiria sana. Baba yako alilima zao lililolipa ada katika mazingira yake, na kumheshimu si lazima kupitie kifuani mwako. Tumbaku haikuzaa mkoa huu. Unyamwezi ulijulikana kwa asali kabla yake, na Urambo yenyewe ilianza kuwa nchi ya tumbaku baada ya mradi wa karanga wa Waingereza kuachwa mwaka 1951. Watu wamebadilisha walichokishika, wakabaki wao. Ila nikuombe kitu kimoja: kama kaka yako huwa anakuita msimu wa kuchuma tumbaku, mwaka huu msaidie kwa namna nyingine. Jani bichi lenye umande hupitisha nikotini kwenye ngozi, ndiyo maana wachumaji hupata kichefuchefu na kizunguzungu, na wewe hutaki mwili wako uonjeshwe tena.

Limebaki la mkeo. Nguo hushika moshi kuliko mdomo, na mwanamke anayekufulia mashati anajua, majani ya mpera yawepo yasiwepo. Nadhani amenyamaza akikungojea. Mwambie usiku wa leo, kabla ya kuchagua siku, kwamba ulirudi, kwamba uliona haya, na kwamba unataka kuacha tena ukiwa naye. Kisha mchague siku pamoja, ndani ya majuma mawili yajayo, mwambie na kijana wako wa karakana. Jioni ya kuamkia siku hiyo toa pakti, kiberiti, na vipisi vyote vilivyojificha chini ya benchi, ufue aproni ya kazi. Mafundi wa kwetu huweka penseli kwenye sikio moja na sigara kwenye la pili. Hilo la pili liwekee mswaki wa mti, uutafune kila wimbi linapokuja.

Siku ya 40 ikifika, ile ambayo mara iliyopita hukuifikia, niandikie uniambie ni nani aliyekunyooshea sigara na ulimjibu nini.